Mpishi wa halua wa Mlandege na mgeni aliyegonga sanduku la posta

Saa tatu asubuhi maduka ya Mlandege yanafunguliwa moja moja, na katika jiko la Zahran Amour moto wa kuni umeshakolea chini ya sufuria la shaba ambalo mtoto angeweza kuogea ndani yake. Zahran anasonga halua. Mwiko wake una mpini mrefu, nao hausimami. Ukimsalimia anaitikia, ukimuuliza anajibu, lakini macho hayatoki sufuriani.

"Nada hajarudi?" anauliza.

"Hajarudi," anajibu Kificho Mcha, mwenzake wa kazi, anayemenya lozi karibu na mlango. "Na ukiuliza tena n'takwenda mwenyewe huko posta nikalale."

Zahran anacheka kidogo. Amekuwa akiuliza hivyo tangu mwezi wa Februari, na sasa ni Mei.

Anangoja kadi. Si kadi ya harusi, maana hizo humjia nyingi kwa ajili ya kazi yake. Ni kadi ya posta, ile yenye picha upande mmoja na maneno machache upande wa pili. Aliyeiandika alikaa kwenye kigoda hapo hapo jikoni, akaiandika mbele ya macho yake, kisha akakataa kumwonesha. Zahran anajua imeandikwa kwa wino wa buluu. Kilichoandikwa hakijui.

"Roho yangu imo ndani ya sanduku la posta," anasema. "Watu wananicheka. Na wacheke."

Zahran ana umri wa miaka hamsini na minane. Amezaliwa Kikwajuni na anaishi Kikwajuni, na ufundi wa halua ameurithi kwa baba yake, ambaye naye aliupata kwa babu aliyekuja nao kutoka Omani. Ni kazi isiyo na mshahara. Ndoa zikiwa nyingi jiko halipoi, zikipungua huuza vikapu vidogo kwa wapita njia na kumshukuru Mungu. Zipo wiki ambazo bei ya stempu ya kwenda Ulaya humfanya asimame kwanza mbele ya dirisha la posta akafikiri kitoweo cha nyumbani.

"Mke wangu Bahiya aliniuliza, hao watu wanakupa nini? Nikamwambia hawanipi kitu. Akasema, basi hiyo si biashara. Nikamwambia naam, ndiyo raha yake."

Aliyemtia katika raha hiyo ni binti yake, Nada, fundi wa cherehani, aliyechoka kumwona baba yake akirudi kutoka jikoni na kukaa barazani bila la kufanya. Alimwandikisha katika mtandao wa watu wanaobadilishana kadi. Utaratibu wake ni mwepesi. Unapewa jina na anwani ya mtu usiyemjua, unamwandikia, na kadi yako ikishafika, mgeni mwingine mahali pengine anapewa jina lako. Huchagui wala huchaguliwi.

Kadi ya kwanza kumfikia ilitoka kwa dereva wa basi la skuli wa Taiwani, aliyetaka kujua kama Unguja kuna ukungu. Muuguzi mmoja wa Brazili hakuipenda picha ya kadi aliyonunua, akachora paka wake juu yake. Kisha ikaja ya mzee wa Polandi aliyesema nyanya zake zimeiva na hana mtu wa kumwambia.

"Habari za nyanya zile nilizisoma mpaka Bahiya akaninyang'anya kadi," anasema Zahran. "Mtu hanijui, simjui, bahari na milima baina yetu, na furaha yake anakuja kunipa mimi. Nikajiona mtu mkubwa siku ile, wallahi."

Yeye huandika alasiri, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni na ndimu. Lakini iliki haitoki kwa sabuni. Wengi wanaomjibu humwambia kwamba kadi zake zinanukia, na mama mmoja wa Kanada alimwandikia kwamba yake ameiweka kabatini, katikati ya nguo.

Miongoni mwa wageni wote hao, aliyebaki ni Marjatta.

Marjatta ni mjane, mwokaji mikate mstaafu wa mji mdogo nchini Finlandi. Walipangiwa kadi moja tu, kama wengine, lakini yeye alijibu, Zahran akajibu, na sasa ni mwaka wa tano hawajaacha. Waliandikiana habari za moto. Yeye alieleza namna unga unavyokataa kuumuka siku za baridi kali, huyu akaeleza namna samli inavyotaka kuingizwa kidogo kidogo. Zahran alimfundisha kwamba huku kwetu mtu hagongi tu mlango akanyamaza, husema hodi. Picha hawakupelekeana wala namba za simu. Marjatta ndiye aliyetaka iwe hivyo. Alisema simu inamaliza maneno, na Zahran akaona ana haki.

Anwani ya Zahran ni S.L.P. 4071, Zanzibar. Msomaji wa hapa haoni ajabu. Kwetu barua ina sanduku lake posta, na nyumba ina maelekezo yake: pita msikiti, ukiliona duka la mabati shika kichochoro cha kushoto, halafu uliza. Kwa watu wa kina Marjatta anwani ni mlango wa mtu.

Siku moja akamletea Zahran kadi aliyoichora mwenyewe. Ilikuwa nyumba yenye paa jekundu, moshi unatoka, mwanamme amesimama mbele ya sufuria, na mlangoni pameandikwa 4071. "Nimeichora nyumba yako," aliandika. Zahran alicheka mpaka machozi. Ilipofika wakati wa kujibu, akamshukuru, akamwambia mlango umetoka vizuri sana.

"Niliona haya kumkosoa," anasema, na hapa sauti inashuka. "Mtu amekuchorea nyumba kwa mkono wake, utamwambia hiyo si nyumba, ni kisanduku cha bati? Nikasema, haina neno. Atajulia wapi?"

Alijulia wapi, ndiyo habari yenyewe.

Ilikuwa Alkhamisi ya wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, wiki ambayo mji mzima unaoa kwa pupa. Kificho alikuwa Makunduchi mazikoni, na Zahran amebaki peke yake na sufuria la harusi. Ndoa ilikuwa ifungwe Kikwajuni baada ya sala ya alasiri, halua na kahawa vifuate hapo hapo msikitini. Shangazi wa bwana harusi, Bi Ulfat, alishafika na kukaa kwenye kigoda. Katika ndoa iliyotangulia ya ukoo wao, mpishi mwingine aliwaletea halua yenye mabonge, na watu wanaitaja mpaka leo. Safari hii alikuja kulilinda sufuria kwa macho yake.

Wanga ulikuwa umeanza kushika. Huo ndio wakati ambao mpishi wa halua hana ruhusa ya kuwa na jambo jingine duniani.

"Mwiko ukisimama, chini inaungua, juu inafanya mabonge," anaeleza Zahran. "Hapo huendi haja, huazimi mkono wa mtu asiyejua, huitikii mlango. Unasonga mpaka samli yote imeingia na sufuria limekuachia."

Nada akaingia mbio. Alikuwa amepita posta ya Shangani mapema, mara tu ilipofunguliwa, kisha akashikwa na cherehani yake mpaka saa ile, na mkononi ana kadi.

"Shikamoo Bi Ulfat."

"Marahaba mwanangu."

"Baba, imekuja ya bibi wa Finlandi."

"Nisomee, sina mkono."

Nada akaanza kusoma, huku akiitia katika Kiswahili, kisha akasita. Kadi iliandikwa Januari, na njiani imekaa inapojua yenyewe. Ilisema: "Rafiki yangu Zahran, nimeuza gari langu nikanunua safari. Meli yetu itafika Zanzibar Alkhamisi ya tarehe kumi na mbili asubuhi na itaondoka saa kumi jioni. Usije bandarini. Maisha yangu yote sijapata kugonga mlango wa mtu ninayemwandikia. Nitakuja mwenyewe nyumbani kwako, nigonge."

"Baba," alisema Nada, "ni leo."

Zahran hakuacha kusonga. Nada alikuwa ameiona meli gatini asubuhi ile, nyeupe, imeziba nusu ya anga ya Malindi.

"Nenda bandarini. Kasimame getini umkamate kabla hajapotea."

"N'tamjuaje? Hatujapata kumwona."

Zahran akafikiri. Mikono yake, tangu vifundo mpaka viwiko, imejaa alama za moto.

"Ni mwokaji mikate. Tazama mikono."

Nada akaondoka. Bi Ulfat, aliyekuwa akisikiliza yote huku akijipepea kwa ncha ya mtandio, akauliza swali ambalo lingepaswa kuulizwa miaka mitano nyuma.

"Na huyo mgeni wako nyumba yako anaijua?"

"Anwani anayo."

"Anwani gani?"

"S.L.P. 4071."

Bi Ulfat aliacha kujipepea.

"Zahran," alisema Bi Ulfat taratibu, "mwenzio atakwenda kubisha hodi kwenye sanduku?"

Hapo ndipo ile nyumba yenye paa jekundu ilipomrudia usoni. Akamwomba Bi Ulfat ampigie Nada simu na amwekee sikioni. Nada alikuwa bado getini, akitazama mikono ya kila mzungu mzee anayepita, mpaka madereva wa teksi wakaanza kumuuliza kapoteza nini. Baba yake alimwambia neno moja tu, "Posta," naye akafahamu, akakata njia kuelekea Shangani.

Kwenye masanduku hakukuwa na mtu. Alikuwapo mlinzi, Kheir, kijana wa Bububu mwenye maneno machache.

"Unamtafuta bibi wa sanduku? Keshaondoka," alimwambia.

Marjatta alifika posta muda mfupi baada ya Nada kutoka asubuhi ile. Aliuliza nyumba namba 4071. Watu wakamtizama, mmoja akamshika mkono na kumpeleka mpaka kwenye safu ya visanduku, akamwonesha kidole: hiyo hapo.

"Alisimama," anasimulia Kheir. "Kisha akagonga. Kwa kidole, kwa adabu kabisa, akasema hodi. Watu walicheka. Mie sikuweza. Nilimpa kiti changu."

Alikaa kwenye kiti kile asubuhi nzima, ameelekea sanduku, kwa tamaa kwamba mwenyewe atakuja kulifungua. Alipoinuka alichana karatasi, akaiandika, akaibana kwenye mlango wa sanduku. Nada aliisoma kwenye simu, na baba yake akaisikia, simu ikiwa imebanwa baina ya sikio na bega: "Nimefika. Nyumba yako ni ndogo kuliko nilivyoichora. Nimegonga."

Zahran alilia. Hafichi. Alilia huku anasonga, na Bi Ulfat akasimama na kumfuta uso kwa mtandio wake mwenyewe.

"Usinililie juu ya halua ya watu," alimwambia.

Nada alikuwa bado anamhoji mlinzi. Bibi ameelekea wapi? Kheir hakujua. Alichojua ni kwamba kabla ya kuondoka alimwonesha kadi zake, fungu zima limefungwa kwa utepe, na alipozishika zilimpiga harufu ya iliki na zafarani.

"Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, mtu wako huyu ni mtu wa halua. Kama hayupo hapa, basi yuko Darajani, au Mlandege. Akatazama saa. Akashukuru. Sasa kama alikwenda huko au alirudi melini, Mungu ndiye ajuaye."

Adhana ya adhuhuri ikaadhiniwa. Zahran alikuwa ameanza kuingiza samli, upawa mmoja, asonge mpaka imezwe, kisha mwingine. Abiria wa meli hutakiwa kurudi mapema, hilo alilijua. Alijua pia kwamba kutoka jikoni kwake mpaka barabara ya Darajani ni mwendo wa kufumba na kufumbua. Angetoka tu, angepiga kelele jina lake.

"Nilisimamisha mwiko," anakiri. "Nikauacha. Niligeuka kabisa, uso mlangoni."

Harufu ikabadilika. Bi Ulfat aliinuka. "Zahran!"

Hakumwambia jingine, jina lake tu. Zahran aliushika tena mwiko kwa mikono miwili, akachota chini kwa nguvu. Haikuwa imeungua. Bado kidogo tu.

"Nikasema, Mola wangu, kama ni riziki yangu atakuja. Kama si riziki yangu, basi halua ya watu isiharibike, maana ile nayo ni amana."

Aliendelea kusonga. Mlangoni watu walipita, na kila kivuli kilimshitua. Alipita mpiga debe, akapita muuza ndimu, wakapita watalii wawili wenye kamera ambao hawakutazama hata ndani. Nada alipiga simu kusema Darajani yote kaipita hakumwona, sasa anarudi getini kumvizia huko. Bi Ulfat aliacha kutazama sufuria, akawa anatazama mlango.

Kivuli kimoja hakikupita.

Alikuwa mwanamke mrefu, mzee, kofia ya ukindu kichwani, uso umeiva kwa jua. Mkononi ameshika kadi, ameikaribisha puani. Akainusa kadi, kisha akainua kichwa akanusa hewa ya jikoni, akainusa tena kadi. Ubao wa mlango ulikuwa wazi, lakini akakunja kidole na kugonga fremu.

"Hodi," alisema.

Aliyeitika ni Bi Ulfat.

"Karibu! Karibu mama, umetutoa roho!"

Kilichofuata Zahran anakisimulia kwa aibu ya mtoto. Walitazamana. Kiingereza chake ni cha kalamu, hukitafuta polepole na kukifuta akikosea. Cha Marjatta ni hivyo hivyo. Watu waliokuwa wameandikiana habari za vifo vya wazee wao na ladha ya theluji walisimama kama wakwe siku ya kwanza.

Marjatta ndiye aliyekunja mikono ya blauzi. Alama za moto zilianzia vifundoni mpaka viwikoni. Zahran akainua kidogo mikono yake, bila kuachia mwiko, amwoneshe na zake. Mgeni akaja mpaka kwenye sufuria, akachungulia, akaona mwenyewe kwamba kazi haijesha. Akaushika mpini juu ya mikono ya Zahran, wakasonga pamoja. Bi Ulfat akaona bora atazame vikapu.

"Hakuuliza," anasema Zahran. "Hakusimama hata kidogo. Mtu wa moto humjui kwa maneno."

Halua ikaiva, ikaachia sufuria, ikamiminwa. Marjatta alionja kwa kidole, ya moto vile vile, akafumba macho. Kutoka mkobani alitoa mkate mweusi mgumu aliouoka kwao kabla ya safari, akawavunjia. Bi Ulfat anasema ulikuwa wa kutafuna mpaka taya ziume, lakini aliumaliza.

Nada alipofika ameshika kiuno, kapigiwa simu arudi, aliwakuta wamekaa, mmoja kigodani, mwingine juu ya gunia la sukari. Kila mmoja ana kadi gotini na anaandika. Muda uliobaki ulikuwa mchache, na hivyo ndivyo walivyoamua kuutumia. Marjatta alipomaliza, Zahran alinyoosha mkono. Mgeni akatikisa kichwa, akaitia kadi mkobani.

"Anasema kadi lazima isafiri," Nada alifasiri. "Ataitia posta akishafika kwao."

Zahran akaitia yake mfukoni.

Hakumsindikiza. Halua ilikuwa inangojewa Kikwajuni, ikabidi Nada ndiye ampeleke mgeni bandarini, na kikapu cha halua mkononi. Mlangoni Marjatta aligeuka, akaupapasa ubao wa mlango kwa kiganja, kama mtu anayepima kama ni wa kweli, akaenda zake.

Alasiri ile msikitini, ndoa ilipokwisha fungwa na vikombe vya kahawa vikizunguka, watu walimsifu Zahran kwa halua isiyo na bonge hata moja. Anasema hakusikia vizuri. Alikuwa ametega sikio upande wa bandari, akaisikia honi ya meli.

Kadi yake aliitia posta kesho yake. Wiki iliyofuata alimwita fundi wa rangi, akaandikisha juu ya mlango wa jiko, kwa rangi nyekundu, tarakimu kubwa: 4071. Majirani wamekuwa wakimkera tangu hapo, wakimuuliza wenye sanduku namba 4072 na wao waje wahamie upande wa pili. Hajali. Kila kadi anayopeleka sasa, kwa dereva wa Taiwani, kwa mzee wa nyanya, anaandika chini kabisa kwamba mlango upo, upo Mlandege, una namba na hauna haja ya kugongwa sana.

"Nataka siku moja aje mwingine," anasema. "Na mwingine. Wasikae tena kwenye kiti cha mlinzi."

Nada anaingia. Anaweka ufunguo wa sanduku juu ya rafu ya iliki, na kabla ya kuulizwa anatikisa kichwa.

"Hamna, Baba. Bado."

Kificho anaacha kumenya lozi, amtazame mwenzake. Zahran anachota samli, anaimimina pembeni mwa sufuria, anaanza tena kusonga.

"Haidhuru," anasema. "Kadi ikipotea, mwenyewe mlango anaujua."